Mnyapara wa Mikanda ya Moto

Mtu wa kwanza kuleta baiskeli za gia za kupandia mlima hapa Morogoro ni mimi. Anayebisha aje dukani kwangu, njia ya kwenda Boma, aulize jirani yeyote. Nilianza na pampu moja na kopo la gundi, naziba pancha kwenye kivuli cha ukuta wa watu, nimetoka darasa la tano hata kugawanya sijui. Leo nina baiskeli kumi na nne, zina breki za diski, zina shokapu mbele na nyuma, na wageni wanatoka nchi ambazo siwezi kuzitamka, wakifika wananiita kocha. Uluguru nimeipanda kwa magurudumu mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani kwangu. Sijisifu, nasema ilivyo.

Lakini yupo mtu mmoja ambaye kwa baiskeli alinishinda, na kwa mengine pia, na huyo ndiye ninayemwandika hapa. Mlimani kote anaitwa Mnyapara. Watoto wanamwita hivyo, wazee wenzake wanamwita hivyo, na nina hakika hata mkewe alimwita hivyo. Alizaliwa wapi, baba yake nani, sijui na sikuwahi kuuliza. Ninayoyajua ni mambo yake. Na upande wa mlima ninaoutaja humu nimeugeuza makusudi, tena vijiji vingine nimevihamisha. Utakapofika mwisho utajua kwa nini.

Kwa asiyejua, msitu wa juu unalindwa na mikanda ya moto. Ni vipande vya ardhi vilivyosafishwa, vipana kama barabara ya gari, vinauzunguka mlima pale mashamba yanapokutana na msitu. Moto ukitoka mashambani ukipanda, ukifika kwenye mkanda unakosa cha kula, unakufa. Kila mwaka masika yakiisha, kikosi cha watu wenye mafyekeo na majembe kinapita kufyeka na kuchoma majani taratibu, kabla jua halijawa kali. Mnyapara aliongoza kikosi hicho miaka mingi. Alipostaafu hakustaafu. Aliendelea kukagua mikanda kwa baiskeli yake, bila mshahara, na hakuna aliyemwambia aache.

Sasa kwa mwendesha baiskeli hakuna kitu kitamu kama mkanda wa moto. Unapanda mpana, unahema vizuri, huku chini unaiona Morogoro yote, bwawa la Mindu linang'aa, kule Mazimbu mabati ya chuo. Halafu mkanda unakuingiza kwenye njia ya mguu, nyembamba, inashuka kati ya migomba, mawe yanaruka, moyo uko mdomoni. Hapo ndipo wageni wanapiga kelele kama watoto.

Kasoro yangu ilikuwa moja. Njia yangu haikuwa mzunguko. Nilipanda na wageni upande wa Morningside, tukafuata mkanda hadi ulipoishia kwenye ukuta wa matete, halafu tukarudi tulikotoka. Upande wa pili, kule Bigwa, kuna njia nzuri ajabu ya kushukia. Kati ya matete na njia hiyo kuna kipande ambacho hakuna aliyekijua ila Mnyapara. Mgeni hapendi kuona mti uleule mara mbili. Ningekipata kile kipande, ningekuwa na mzunguko usio na mfano Tanzania nzima. Miaka tisa nilimwomba anionyeshe. Miaka tisa alinikatalia, na sababu hakuitoa.

Siku ya kwanza kukutana naye alinipita. Nilikuwa nashuka kutoka Morningside na baiskeli mpya kabisa, kofia ngumu kichwani, glavu mikononi, miwani ya njano kama nzi. Nyuma yangu nikasikia mlio kama wa mtu anayefagia uwanja wa mpira kwa hasira. Kabla sijageuka, mzee mmoja amenipita. Baiskeli nyeusi ya zamani, fremu kubwa, haina gia hata moja, breki hazina raba. Amevaa gambuti na koti la kaki lisilo na vifungo. Nyuma amefunga kwa kamba ya katani tawi zima la mkaratusi na majani yake, linaburuta chini, vumbi limenijaa mdomoni. Hiyo ndiyo ilikuwa breki yake.

Nilimkuta kwenye nyumba za kwanza, amechuchumaa anafungua kamba.

"Ulisimama wapi?" akaniuliza.

"Sikusimama. Shikamoo mzee."

"Mimi nilidhani umesimama."

Akalibeba tawi begani.

"Na hilo unalipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani. Breki yangu inapika ugali. Yako inapika nini?"

Akaondoka. Shikamoo yangu hakuijibu, na mimi nilikasirika. Nikasema huyu mzee ana kiburi. Nilikuja kujua baadaye kwamba shikamoo ya mtu aliyekaa juu ya tandiko haipokei. Kwake ni kama umemsalimia mtu umelala. Unashuka, unaishika baiskeli kwa mkono mmoja, ndipo unaamkia. Nimemwona akisimama mbele ya mgeni wangu, mzungu mrefu kama nguzo ya umeme, aliyekuwa amejifunza neno shikamoo hotelini na analitupa kila kona. Mnyapara akasimama katikati ya njia, kimya, anamtazama. Mgeni akarudia. Kimya. Mara ya tatu nikamwambia kwa ishara ashuke. Aliposhuka tu, Mnyapara akatabasamu meno yote, "Marahaba baba, marahaba, habari za huko kwenu," akamshika mkono hakuuachia mpaka mgeni amemtajia wazazi wake wote.

Njia za mlimani zina sheria ambayo haikuandikwa popote, na yeye ndiye alikuwa askari wake. Mtu mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Asiye na mzigo anapisha, na anapisha upande wa bondeni, ili mwenye mzigo apite akigusa mlima. Mgeni hajui hilo. Mgeni akiona bonde anaogopa, anaukumbatia mlima, basi yule mama mwenye tenga kichwani anabaki ukingoni. Msimu mmoja ndivyo ilivyotokea. Mgeni wangu aling'ang'ania upande wa mlima, mama akateleza, yeye hakuumia lakini tenga zima la nyanya likashuka bondeni. Nyanya zilidunda mpaka huko kwenye migomba hatuzioni. Mimi nikatoa pole, nikalipa, nikadhani yameisha. Kesho yake nikakuta njia imefungwa kwa miiba.

Nilimfuata Mnyapara anisemee kwa watu wa kitongoji. Akanisikiliza, akaniuliza, "Ulilipa nyanya?"

"Nililipa. Tena nikazidisha."

"Na mzigo uliubeba?"

"Mzigo upi tena, mzee?"

"Yule mama siku ile hakufika sokoni. Wateja wake walinunua kwa mwingine. Beba tenga umpelekee."

Nikadhani utani. Haukuwa utani. Yule mama alijaza tenga lingine, wakanitwisha, na mimi, mwenye duka, mwenye baiskeli kumi na nne, nikashuka mlima na tenga la nyanya kichwani hadi soko kuu, Mnyapara nyuma yangu anakokota baiskeli yake ahakikishe sipandi bodaboda. Mji mzima uliniona. "Bosi, leo umepakiwa!" "Kocha, gia zimeisha?" Shingo iliniuma siku nne. Miiba ilitolewa jioni ileile. Na toka siku hiyo, mgeni hapandi na mimi kabla sijamfundisha kupisha upande wa bondeni.

Kitu kilichonishangaza kwake kuliko vyote ni moto. Alikuwa adui wa moto, hilo kila mtu atakwambia. Mtu akiwasha sigara mlimani, Mnyapara anamwomba kiberiti kwa heshima kabisa, kama vile na yeye anataka kuwasha, halafu anakitia mfukoni anaondoka. Koti lake lilikuwa linacheza kwa viberiti vya watu. Yeye mwenyewe hakuvuta. Lakini nenda kamwone siku ya kuchoma mkanda! Anakata jani, analikunja. Likipinda anasema bado. Likivunjika na kulia anasema leo. Halafu anavua kofia, anachagua kiberiti kimoja katika vile vya kunyang'anya, anainama, anawasha mwenyewe, hamruhusu mtu mwingine. Na uso wake pale, mimi nimeuona kwa karibu, ni uso wa bwana harusi. Moto unatambaa chini pole pole, yeye anatembea pembeni yake anauambia, "Hapo hapo, hapo hapo, usipande." Nikamuuliza siku moja, "Mnyapara, wewe unaupenda moto au unauchukia?" Akasema, "Nauchunga." Na mimi hadi leo nalizungusha jibu hilo.

Ukali wake haukuwa na ndugu. Shemeji yake alilima mahindi, mistari mitatu ikaingia ndani ya mkanda. Mistari mitatu tu, mahindi yameshatoa ndevu. Mnyapara aliing'oa yote kwa mkono wake, akaipanga vizuri ukingoni, akaenda mwenyewe kumwambia shemeji, "Nimeng'oa mahindi yako." Alikuwa na neno lake analolirudia kwa kila mtu: kila mmea ndani ya mkanda ni kuni. Nyumba nzima ya mkewe haikusema naye mpaka mavuno. Alipita mbele yao kila siku, anawasalimia, hawaitiki, anaendelea.

Sasa mtu huyohuyo, njoo umwone dukani kwangu. Alikuwa anakuja kila Jumamosi, anachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli ghali kuliko zote, anazungusha pedali kwa mkono, anatazama mnyororo ukipanda meno. Anaweza kukaa hapo mpaka adhana.

"Ikipanda jino kubwa, unapata nini?"

"Unapata wepesi, mzee. Unapanda mlima huku unaongea."

"Na unapoteza nini?"

"Unapoteza mwendo."

"Kumbe unalipia," alisema, ameridhika. "Maana nilidhani mmepata cha bure."

Nikamwambia panda, jaribu, hata kwa dakika moja. Hakukubali hata mara moja. Alisema akishazoea, miguu yake itamdharau. Lakini Jumamosi inayofuata yuko palepale, ana swali jipya. Kwa nini tairi lina vidole? Mafuta ya breki yanapita wapi? Mtu akianguka, kiti kinashuka naye au kinabaki? Nimesoma kidogo mimi, lakini nimefundisha mafundi sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza maswali kama ya yule mzee.

Swali langu moja tu ndilo hakutaka kulijibu. Mwaka wa kwanza nilipomuuliza kuhusu kile kipande baada ya matete alisema pana nyuki. Mwaka wa pili akasema mlima umeporomoka. Mwaka wa tatu akasema njia imekufa. Nikamwambia, "Mnyapara, mwaka juzi ulisema nyuki." Akasema, "Nyuki waliporomoka nao."

Lakini mimi si mtoto. Nilikuwa namwona asubuhi anapanda upande wetu, na mchana anatokea Bigwa, buti kavu, wala hajapitia mjini. Angezunguka wapi? Basi njia ipo. Siku moja nikamfuata kwa mbali, nikajificha nyuma ya mikaratusi kama mwizi wa kuku. Alipofika karibu na matete akakaa juu ya jiwe. Akatoa muhogo wa kuchoma. Akala. Akakunja koti akalilalia. Akaamka, akala tena. Jua limetuzunguka, mimi mbu wamenila mpaka masikioni, yeye yupo tu. Mwisho akasema kwa sauti, bila kugeuka, "Bwana Gia, njoo ule muhogo, umebaki mmoja." Nikatoka kichakani nikala muhogo. Tukashuka pamoja, yeye na tawi lake, mimi na aibu yangu.

Nikajaribu peke yangu pia. Matete yalikuwa mazito, nyuma yake mwamba, pembeni shimo. Nikaamini labda kweli njia imekufa. Kisha wiki ileile nikamwona anatokea Bigwa.

Mwaka jana, masika yakielekea ukingoni, mambo mawili yakakutana. La kwanza lilikuwa langu. Kampuni moja ya Dar inayoleta wageni iliniambia itanipa makundi yake yote ya msimu kama nina mzunguko usiorudia njia. Nikajibu upo. Haukuwepo, lakini mimi nikishasema kitu ndipo naanza kukitafuta, ndivyo nilivyojenga duka lile. Walitaka mchoro wa njia uliopigwa na simu, kabla mwezi haujaisha, na mchoro huohuo uende ofisi ya misitu kugongewa mhuri. Jina langu nilikuwa nimeshaliweka mezani.

La pili lilikuwa goti la Mnyapara. Alikuja dukani siku ya kazi, anatembelea mpini wa fyekeo, goti limevimba kama papai. Hakuchuchumaa. Akasimama mbele ya baiskeli yangu ya umeme, ile ninayowapa wageni wazee, ina keria nyuma.

"Hii inabeba mtu?"

"Inabeba. Unataka kwenda wapi?"

"Juu. Mkanda wote."

"Mpaka kwenye matete?"

"Na mbele yake."

Nilijifanya nakaza nati. Na ujinga wangu, badala ya kunyamaza, nikauliza, "Kwa nini usichukue bodaboda, mzee?"

"Bodaboda ina makelele, na mwenye bodaboda ana mdomo."

"Na mimi je?"

"Wewe una mdomo kuliko wote. Lakini baiskeli yako haina makelele. Nimechukua nusu."

Tulipanda asubuhi iliyofuata. Nimempakia nyuma, kanishika mkanda wa suruali, goti amelinyoosha pembeni kama mtu anayepiga teke mlima. Mbele yangu, kwenye usukani, nilikuwa nimefunga simu, na simu ilikuwa inachora. Kila kona tuliyopita inaingia humo. Akauliza mara moja tu, "Hiyo inafanya nini?" Nikasema, "Naangalia saa." Nilimdanganya mtu niliyempakia mgongoni kwangu, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kwenye matete akaniambia nisimame. Akashuka, akachechemea mpaka kushoto kwa mwamba, akasukuma matete kwa mpini wa fyekeo, na matete yakafunguka kama pazia. Njia ilikuwa hapo, imepinda nyuma ya mwamba, huioni hata ukisimama hatua tatu.

"Haya matete niliyapanda mimi," akasema. "Miche niliitoa mtoni."

Nyuma ya mwamba mkanda uliendelea. Nimeendesha njia nyingi, nawaambia ukweli, sijaona kama ile. Umelala ubavuni mwa mlima kwa mkunjo mmoja mrefu, haupandi wala haushuki, chini bonde limejaa ukungu, juu msitu umesimama. Ardhi laini, safi, hakuna jiwe. Wageni wangelia. Nikawaza, hawa wa Dar watanibebea makundi mpaka nizeeke.

Halafu tukamaliza mkunjo nikaona kijani. Mistari ya kijani, imenyooka, kutoka ukingo hadi ukingo, imeacha katikati kijinjia cha kupita mguu mmoja. Na wanawake. Niliwahesabu kumi na mmoja, wameinama, na walipoona baiskeli ngeni waliinuka wote kwa pamoja wakasimama.

"Ni nini haya?" nikamuuliza Mnyapara, kwa sauti ya chini.

"Huoni? Maharage."

"Ndani ya mkanda?"

"Ndani ya mkanda."

"Lakini wewe, mzee, wewe, mahindi ya shemeji yako..."

"Mahindi yana mabua. Bua likikauka ni kuni iliyosimama. Maharage wanayang'oa na mizizi yake kabla jua halijawa kali, wanafagia, panabaki udongo mtupu. Tazama chini. Unaona jani?"

Nikatazama. Hakukuwa na jani.

Akanieleza palepale, amekaa kwenye keria. Mvua za mwaka mmoja zilikata ubavu wa mlima, ukashuka mtoni na mashamba ya hawa wanawake. Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Shamba la ukoo likienda na maji, mabinti ndio wanaobaki mikono mitupu. Walikuwa wanafunga mizigo wahamie mjini wakaombe vibarua. Yeye akawapa mkanda. Sharti maharage tu, siyo mahindi. Hakuna kibanda, hakuna jiko, hakuna kiberiti. Na tangu awape, moto haujavuka hapo, na hakuna kikosi kilichohitajika kufyeka. Sheria ilimtaka ayang'oe, na yeye ndiye alikuwa mkono wa sheria, basi akaenda mtoni akachimba miche ya matete akaufunga mlango. Kama goti lingempeleka mwaka ule, angekuja mwenyewe. Mvua ilikuwa imewahi kukatika, akataka aone kwa macho kama wavune wiki hii au ijayo.

Mimi nilikuwa nasikia na sisikii. Simu ilikuwa bado inachora. Mchoro ule ukifika ofisini atakuja mtu kukagua, ndiyo kazi yake, na ataona nilichokiona. Na kila mmea ndani ya mkanda ni kuni. Nikainama nikajifanya naangalia upepo wa tairi. Sitasema nilifuta papo hapo, ningekuwa mwongo. Niliwaza makundi. Niliwaza neno langu nililowapa watu wa Dar. Niliwaza hata kwamba maharage yakishavunwa hakuna atakayejua yalikuwepo, lakini msimu wa wageni ulikuwa mbele, na msimu wa kupanda uko mbele yake tena. Mama mmoja, mwenye kitambaa cha njano, akaiona simu pale kwenye usukani. Hakunitazama mimi. Alimtazama Mnyapara, kama mtu anavyomtazama dereva gari likipiga kona vibaya.

Nikaitoa simu. Nikabonyeza pale pa kufuta. Ikaniuliza kitu kwa Kiingereza, halafu ikauliza tena. Kiingereza changu ni cha gia na breki, lakini hilo nililielewa. Nikabonyeza mara zote mbili.

"Saa yako inasemaje?" Mnyapara akauliza nyuma yangu.

"Imesimama."

"Vizuri."

Sijui alijua tangu lini. Labda tangu mjini. Wiki ile niliwaambia wa Dar kwamba mzunguko haupo, nilikosea. Neno hilo nilikosea lilinitoka kwa shida, halijawahi kuzoea mdomo wangu. Wakatafuta mtu mwingine, mlima mwingine. Wageni wangu mpaka leo wakifika kwenye matete wananiuliza, kocha, mbele kuna nini? Nawaambia nyuki.

Lakini siku ile bado tulikuwa kule. Mnyapara alishuka, akavunja ganda moja la maharage, akatafuna punje, akasema wiki hii. Wanawake wakaachia pumzi. Mkubwa wao alikuwa yule wa kitambaa cha njano, wanamwita Bi Zena. Akaja na hotpoti kubwa waliyotoka nayo nyumbani, ndizi kwa maharage, akaiweka juu ya jiwe, akanikagua kuanzia kofia ngumu mpaka viatu.

"Shemeji, umetuletea nani?"

Nikafungua mdomo nijitambulishe. Nina maneno yangu ya kujitambulisha, yamenyooka, yanaanzia kwenye pampu. Mnyapara akaniwahi.

"Sijaleta mtu. Nimekuja peke yangu."

"Peke yako? Na goti hilo?"

"Na goti hili."

Wale wengine wakaanza kucheka, wamejishika viuno. Bi Zena hakucheka. Akafungua hotpoti, mvuke ukatoka.

"Na huyu ambaye hajaja," akasema, "maharage anakula?"

"Mwulize mwenyewe," Mnyapara akasema.

Wote wakanigeukia, wananisubiri.

"Nakula, mama," nikasema. "Lakini sikuja."

Bi Zena akachukua sahani, akanipakulia ikajaa kuliko ya Mnyapara.